Maswali ya Wasomaji: Kulala Jirani na Zizi Ugenini

SWALI: Mhariri, nitakaa miezi kadhaa katika kijiji cha nchi ya kigeni, kwa familia inayofuga ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, na nimeambiwa kuwa zizi limepakana na chumba changu. Nimekulia mjini na sijawahi kuishi karibu na mifugo. Nijiandae vipi, na ni kipi hasa cha kuogopa?

JIBU: Ndugu msomaji, cha kuogopa hasa ni mbwa, na zaidi wale wanaozurura kijijini kuliko wa wenyeji wako, ambao watakuzoea baada ya siku chache. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba, ilhali chanjo ikitolewa mapema baada ya kung'atwa huokoa maisha. Kabla ya safari, muulize daktari kuhusu chanjo ya kujikinga, hasa ikiwa kituo cha afya kiko mbali na kijiji. Ukiumwa, au hata ukikwaruzwa kidogo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulishachanjwa, na hata kama kila mtu anakuhakikishia kwamba mbwa yule ni mpole.

Ng'ombe ni suala la adabu zaidi kuliko la hofu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na anayemjia kutoka huko humshtua. Mwendee kwa upande wa bega huku ukizungumza taratibu, na ukumbuke kwamba teke lake huweza kuja mbele na ubavuni pia. Mwenye ndama mchanga usimkaribie pasipo mwenyewe kuwapo, na usikatize kati yake na mtoto wake, hata kama njia ya kwenda chooni inapita hapo.

Kuna siku utaombwa kusaidia mbuzi anapozaa, na kwa kweli ni heshima kuombwa. Hata hivyo, maji ya uzazi na kondo la nyuma vinaweza kubeba vijidudu vinavyomwambukiza binadamu. Vaa glavu, nawa vizuri, na kama ni mjamzito, kataa kwa upole na ueleze sababu. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywa, nawe ukikaribishwa mabichi, omba yako yabandikwe jikoni, jambo ambalo wenyeji wengi hawatalichukulia vibaya. Mikono inawe kila utokapo bandani, na viatu vya zizini vibaki nje ya chumba.

Kuhusu usingizi, sina dawa zaidi ya vizibo vya masikio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huongozwa na saa iliyomo mwilini mwake, akaanza kuwika hata kabla mwanga haujaonekana, kwa hiyo kuziba madirisha ya banda hakutamnyamazisha. Unaweza kuomba ahamishiwe upande wa pili wa nyumba, ingawa mimi nisingetoa ombi hilo katika wiki ya kwanza.