Tulipoacha kukadiria damu kwa macho: mwaka mmoja katika wodi ya wazazi

Nilipokabidhiwa usimamizi wa leba katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika orodha ndefu ya vifaa tulivyokosa na kuipeleka kwa mganga mfawidhi. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, kisha akaniuliza swali moja tu: kati ya akina mama waliotokwa na damu nyingi mwezi uliopita, ni wangapi ambao hali yao tuliigundua kabla hawajalegea? Sikuwa na jibu, kwa sababu katika mafaili yao tulikuwa tumeandika “damu ya kawaida” au “damu nyingi kiasi”, maneno ambayo kila mkunga huyaelewa kivyake. Mwaka uliofuata tuliutumia kulitafuta jibu hilo, na haya ninayowashauri wakunga na madaktari wanaokabidhiwa wodi kama yangu yametokana na kazi hiyo.

Anzeni na damu. Damu inayonywewa na kanga, pamba na shuka huyadanganya macho, na mara nyingi hudanganya kwa kupunguza. Tulianza kutandika chini ya kila mama, mara tu mtoto anapozaliwa, mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, kama ulivyotumika katika utafiti wa E-MOTIVE, ambao uliendeshwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2023. Pale ambapo damu ilipimwa na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja, yaani kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuufanya mfuko huo ubane), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), maji ya mshipa na uchunguzi wa chanzo cha damu, madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Neno la kuzingatia hapo ni “kwa pamoja”. Sisi tulizoea kujaribu dawa moja, kusubiri, kisha kujaribu nyingine, huku dakika zikienda.

Msitarajie kwamba kila mtu atalipokea jambo hili kwa furaha. Mkunga wetu mkongwe kuliko wote aliniambia mbele ya wenzake, “Mwanangu, mimi nimezalisha kabla wewe hujazaliwa.” Sikubishana naye, maana lilikuwa kweli. Nilimwomba tu kwamba kila anapozalisha akadirie kwanza kwa macho, aandike, ndipo asome mfuko. Siku ya tatu alikadiria mililita 300, mfuko ukasoma zaidi ya 700. Hakusema neno, ila tangu siku hiyo yeye ndiye anayewagombeza vijana wanaosahau kuutandika.

Maendeleo yaliyotugharimu kidogo kuliko yote yalikuwa ya friji. Oksitosini inapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, nasi tulikuwa tukiiacha kwenye toroli kutwa nzima katika chumba chenye joto, kisha tukilalamika kwamba dawa ya siku hizi haina nguvu. Friji la dawa, kwa upande wake, lilikuwa limejaa soda, ambazo sitasema zilikuwa za nani. Tuliziondoa, tukaweka kipimajoto, na kila zamu ikatakiwa kuandika joto asubuhi na jioni.

Upasuaji wa dharura ulitufundisha jambo jingine. Lengo linalotumika sana ni dakika 30 tangu uamuzi wa kumpasua mama hadi mtoto kuzaliwa, nasi tulikuwa mbali nalo, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Tulipoanza kuandika saa ya kila hatua, tangu uamuzi, simu kwa mtaalamu wa usingizi, sampuli ya damu kufika maabara, hadi mama kuingia chumba cha upasuaji, tuligundua kwamba aliyelaumiwa zaidi, yaani daktari, mara nyingi alikuwa ameshafika na anasubiri. Sampuli ilikuwa ingali mezani ikingoja mtu wa kuipeleka. Sasa mama yeyote mwenye dalili za hatari hupimwa kundi la damu anapopokelewa.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni vikao vya kupitia vifo vya uzazi. Katika kikao cha kwanza nilichokiongoza, swali la kwanza kuulizwa lilikuwa “Nani alikuwa zamu?” Muuguzi kijana akalia, nami nikakiacha kikao kiendelee vivyo hivyo, jambo ambalo ninalijutia hadi leo. Mwezi uliofuata mafaili yalikuja yakiwa na maandishi machache mno, kwa kuwa watu walikuwa wamejifunza kwamba kinachoandikwa kitawarudia. Tulilazimika kuanza upya: majina yakafutwa kwenye nakala zinazosomwa, swali likawa “Nini kilichelewa?”, na tukawajadili pia akina mama walionusurika chupuchupu, ambao ni wengi zaidi na ambao tunaweza kuwauliza wenyewe walichokiona.

Upande wa magonjwa ya wanawake tulisogea kwa mwendo wa kobe. Tuliwahesabu kwa fahari wanawake waliochunguzwa mlango wa kizazi kwa siki, ili kutafuta dalili za awali za saratani, lakini hatukuwahesabu waliotakiwa kurudi na hawakurudi.

Kitaifa, vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya tafiti za 2015/16 na 2022, nasi tulifurahi kama wengine. Hata hivyo, takwimu ya taifa haimwambii msimamizi wa wodi kilichotokea usiku wa jana katika kitanda namba nne.

Mwezi wa kumi na moja mifuko iliisha bohari. Nilidhani tungerudia ya zamani, ila yule mkunga mkongwe alikuja asubuhi na mizani ndogo ya jikoni aliyoinunua sokoni. Alipima vitambaa vikiwa vikavu, akaandika uzito wake ukutani, na baada ya kila mama kujifungua akavipima tena na kutoa tofauti, gramu moja akiihesabu kuwa takriban mililita moja ya damu.