Ford V8 ya turubai ya 1936: kabla hujatoa hela

Mkuu, umeuliza kama hiyo Ford kabrioleti (ya milango miwili, turubai la kukunjwa) ya 1936 uliyoiona Pennsylvania, iliyokarabatiwa upya, inafaa kununua ukaikodishe kwa maharusi. Mimi ni fundi kwenye gereji ya magari ya zamani hapa Ohio na hizi V8, yaani za injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, tunazishika sana, kwa hiyo nakujibu kifundi.

Rangi na kromu visikuzuzue. Anza na milango. Gari lisilo na paa la bati nguvu yake yote iko chini, na chini kukioza, mwanya wa mlango haulingani tena. Fungua na ufunge milango turubai likiwa limekunjwa, kisha likiwa limesimama. Pitisha sumaku ndogo kwenye madigadi na kona za chini za milango. Isiponata, hapo umeuziwa puti, ile lipu ya kuzibia bati lililooza. Halafu omba picha za gari lilipokuwa limevuliwa kila kitu, kabla ya rangi. Aliyefanya kazi ya haki anazo, tena atakuchosha kwa kukuonyesha.

Injini ndiyo penyewe. Ni V8 ya lita 3.6, nguvu za farasi 85, na ugonjwa wake ni kuchemsha. Ford walipitisha moshi ndani ya bloku yenyewe, yaani kiwiliwili cha injini, katikati ya njia za maji, hadi ukatokee ubavuni. Silinda nne za kila upande zinatolea moshi kwenye matundu matatu tu, maana mbili za kati zinachangia moja. Joto lote hilo linaachiwa maji na rejeta. Sasa weka juu yake kutu ya miaka karibu tisini iliyolala ndani ya bloku! Kwa hiyo usiridhike na kuiwasha tu. Iendeshe nusu saa kwenye foleni, uizime, usubiri kidogo, uiwashe tena. Ikikataa kuwaka ikiwa bado ya moto, bei ishuke. Muulize pia kama bloku ilipimwa nyufa, hasa kati ya viti vya valvu na silinda.

Umeme ni volti 6, na ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Ukiona stata inazunguka kivivu, tazama nyaya za betri kwanza. Wengi hufunga nyaya nyembamba za volti 12 halafu wanalaumu betri.

Breki hazina mafuta kabisa, ni fito za chuma hadi kwenye magurudumu yote manne. Ford walingoja mpaka 1939 ndipo wakaweka za mafuta, wakati Chrysler walikuwa nazo tangu 1924. Zikirekebishwa vizuri zinashika, ila mguu uwe na nguvu na umbali na gari la mbele uwe mkubwa.

Spea zisikutishe. Nyingi bado zinatengenezwa, na soko la spea za magari ya zamani la Hershey, hukohuko Pennsylvania, kila Oktoba lina hata vile usivyovitegemea.

Sasa hiyo harusi. Mbele kuna benchi moja. Dereva, bwana na bibi watabanana hapo, na gia inatokea sakafuni katikati, magotini mwa mmoja wao. Kiti kingine kimo ndani ya buti, kinafunguka nje, na kukifikia unapanda kwa kukanyaga bampa na digadi. Bibi harusi na shela lake apande hapo? Ford hiyohiyo ya 1936 ilitoka pia ya turubai yenye milango minne. Itafute hiyo.