Ganzi ya epidurali na mgongo wenye kasoro

Je, kasoro ya mgongo huongeza hatari ya damu kuvuja mgongoni baada ya epidurali, yaani ganzi inayochomwa kwa sindano mgongoni? Ndiyo, hatari hiyo huongezeka ikiwa mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba au pingili zimepinda au kushikana, kwa sababu sindano huenda ikachomwa mara kadhaa, na hata damu kidogo ikikusanyika hukosa nafasi ya kusambaa na kuubana ugwe wa mgongo (neva kuu ipitayo ndani ya mfereji huo) mapema. Utafiti wa Sweden wa miaka ya 1990 hadi 1999 ulionyesha tatizo hili kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200,000 waliopewa epidurali wakati wa kujifungua, lakini kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti lilifikia 1 kati ya 3,600, na hao kwa kawaida ni watu wazima wenye migongo iliyochakaa.

Hata hivyo, kasoro ya mgongo huwa ya hatari zaidi inapokutana na dawa za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayetumia enoxaparini, mojawapo ya dawa hizo, husubiri angalau saa 12 kabla ya kuchomwa epidurali baada ya dozi ya kinga, au saa 24 baada ya dozi ya tiba, na tahadhari hiyo ni muhimu pia wakati wa kutoa katheta (mrija mwembamba wa kupitishia dawa ya ganzi), jambo ambalo wengi hulisahau. Miguu ikilegea upya, ganzi ikikataa kuisha au mkojo ukizuilika, hata kama mgongo hauumi, MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ifanywe mara moja, kwa kuwa matumaini ya kupona hupungua sana upasuaji wa kuondoa damu hiyo ukichelewa kupita saa 8.