Michirizi ya machozi kwa mbwa mweupe

Swali: Nina Maltese wa miaka miwili. Chini ya macho ana michirizi ya rangi ya kutu ambayo shampuu haiitoi. Nimeshauriwa kumpaka haidrojeni peroksaidi. Ni salama?

Jibu: Usiipake. Ikiingia jichoni inaunguza konea (utando angavu wa mbele ya jicho), na ngozi ya hapo ni laini mno kwa dawa ya kung'arisha.

Rangi unayoiona ni ya porfirini, ambayo hutokana na kuvunjwavunjwa kwa chembe nyekundu za damu na kutoka mwilini kwa njia kadhaa, machozi na mate yakiwemo. Ikikaa kwenye manyoya na kupigwa na mwanga, hukolea. Mbwa weusi nao wanayo, ila haionekani. Unywele uliokwisha kuinywa haurudi kuwa mweupe kwa kuosha. Hukatwa, na mpya huota mweupe iwapo tu uso utabaki mkavu. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini machozi yanamwagika nje badala ya kupita puani.

Hilo ni la daktari wa mifugo. Atadondosha fluoresini (rangi ya kupimia) jichoni na kungoja ichomoze puani baada ya dakika chache. Isipotokea, huenda mfereji wa machozi umeziba, ingawa kwa mbwa wa pua fupi rangi wakati mwingine huishia kooni. Ataangalia pia kope zilizojikunja kwa ndani na vinywele vinavyokwaruza jicho. Jicho likiwa jekundu, likifumbwafumbwa au likitoa usaha wa njano au kijani, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kama jicho ni zima, msafishe asubuhi na jioni. Chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, iache ipoe hadi uvuguvugu. Mwaga iliyobaki siku ikiisha. Tumia kipande cha shashi, maana pamba huacha nyuzi jichoni. Kibandike juu ya tongotongo kwa dakika moja au mbili zilainike (ukizibandua kavu utachuna ngozi), kisha futa kutoka pembe ya jicho kwenda chini. Kila jicho na kipande chake. Halafu kausha kabisa kwa shashi kavu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na unyevu ukibaki hamira ya ngozi (aina ya kuvu) hustawi, manyoya yakaanza kunuka. Kupunguza manyoya hayo, tumia mkasi wenye ncha butu, ukiulaza sambamba na pua, mtu mwingine akishika kichwa.

Siki kwenye maji ya kunywa haibadilishi machozi. Jihadhari pia na unga wa kuchanganya na chakula wenye tailosini. Hiyo ni antibayotiki: alama hufifia, ukiacha hurudi, na bakteria huzoea dawa.