Umempata nondo asiye na jina? Usikimbilie kumbatiza

Vijana wanaofanya kazi misituni, hasa kule Amani na Usambara kwa jumla, hunitumia picha za simu za aina moja: nondo mdogo kuliko punje ya mchele, katua kwenye shuka jeupe, na chini yake swali, "Kaka, huyu si mpya?" Huwa nawajibu kwamba inawezekana sana. Nondo wadogo wa nchi za joto hawajachunguzwa vya kutosha, na shuka moja lililotundikwa mbele ya taa usiku usio na mwezi linaweza kuvuta kadhaa ambao hakuna aliyewahi kuwaandika. Kumpata si kazi. Kazi ni kuhakikisha hakuna aliyekutangulia, na hiyo hula miaka.

Kabla ya taa, kibali. Kwa Tanzania maana yake ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wenye msitu wao, na ukitaka kupeleka vielelezo nje kuna karatasi zake pia. Anza mapema, maana jarida la maana litakuuliza.

Halafu mikono. Nondo ambaye mabawa yake yakitandazwa hayazidi milimita 5 humchomi kwa pini ya kawaida, utamsambaratisha. Tunatumia visindano vya chuma visivyo na kichwa, unene wake kama milimita 0.15, na unachoma ukiangalia kwenye hadubini. Kidole kisimguse kabisa, kwa sababu magamba ya mabawa hupukutika na ndiyo yenye rangi na madoa yote. Mimi humtia kila mmoja kwenye kichupa chake, namweka mahali pa baridi, na asubuhi namuua kwa mvuke wa amonia. Amonia humwacha laini, mabawa yanatandazika bila ugomvi. (Wa kijani usiwaguse na amonia, watabadilika rangi.) Fanya upesi, kwani mwili mdogo hivyo haukawii kukauka.

Lakini kama ungeniuliza nipendavyo, ningekwambia acha taa, tafuta majani. Viwavi wa familia kama Nepticulidae na Gracillariidae huishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, wakila njia yao. Mkulima wa nyanya anaujua mchezo huu kwa uchungu; kantangaze naye ni nondo mdogo anayetoboa jani kwa ndani. Inua jani kwenye mwanga utaona mchirizi mweupe unaoanza mwembamba kama uzi na kupanuka kadiri kiwavi alivyokua, na katikati yake mstari mweusi wa kinyesi. Mpangilio wa kinyesi hicho, kama kimenyooka au kimetawanyika, nao ni ushahidi. Chuma jani pamoja na tawi la kuutambulisha mti, kausha tawi, jani liweke kwenye kopo lenye karatasi laini, usubiri. Nondo aliyetoka kwenye mti unaojulikana ana thamani kuliko kundi zima lililokuja kwenye taa, kwa sababu umeshajua anakula nini na atapatikana wapi tena.

Sasa upasuaji, ambao wengi wanauogopa. Rangi za nondo hawa hudanganya. Wawili wanaofanana kama pacha huweza kuwa spishi mbili, na tofauti iko kwenye viungo vya uzazi. Unang'oa tumbo, unaliloweka kwenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10 mpaka nyama ilainike, unasafisha kwa brashi nyembamba, unatia rangi, unaweka kwenye slaidi kwa euparali, ile gundi angavu ya slaidi. Kinachobaki ni gamba gumu tu: kwa dume utaona vibano viwili, pengine vyenye miiba, kila spishi na umbo lake. Namba ya slaidi iandikwe pia kwenye lebo ya pini. Mguu mmoja peleka kwa vipimo vya DNA, ile sehemu ya jeni iitwayo COI yenye herufi 658; inasaidia sana, ila asilimia za tofauti peke yake si spishi.

Kisha umlinganishe na waliokwisha kupewa majina, na hapo ndipo unapokutana na Edward Meyrick. Huyu alikuwa mwalimu wa shule Uingereza, akaandika maelfu ya spishi za nondo wadogo kutoka duniani kote, Afrika ikiwemo, mpaka alipofariki mwaka 1938. Viungo vya uzazi hakuvijali, na maelezo yake ni mistari michache bila picha. Utasoma kuhusu bawa la kahawia lenye doa jeusi na kugundua kwamba nusu ya sanduku lako inafaa. Mmarekani Gates Clarke alichapa picha za vielelezo vyake katika juzuu 8, kati ya 1955 na 1970, lakini si vyote. Kwa waliobaki, mwandikie barua ya heshima mtunza makumbusho London, uombe picha. Makumbusho za Berlin na Tervuren, Ubelgiji, zina vielelezo vya zama za ukoloni vilevile, waandikie nao. Majina mapya mengi hufia hatua hii, na ni afadhali yafie hapo kuliko baada ya kuchapishwa.

Ukivuka, chagua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani kile rasmi kinachobeba jina, na useme kinahifadhiwa wapi. Bila hayo jina halisimami. Aya ya kuandika kwanza ni ile inayoeleza anavyotofautiana na ndugu yake wa karibu, kwani wengi wataisoma hiyo tu. Kuhusu jina, ukimuenzi mwanamume mmalizie -i, mwanamke -ae. Kujipa jina lako mwenyewe sheria haikatazi, ila utachekwa. *Amaniensis*, yaani wa Amani, ni jina zuri, lakini angalia kwanza kama jenasi hiyo haina mwingine. Na kama jarida ni la mtandaoni pekee, spishi haihesabiki mpaka makala isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla ya kutoka na usajili huo uonekane ndani yake. Mhariri akikwambia atashughulikia, ingia ukahakikishe mwenyewe.