Shehe, nafuga njiwa na sasa nimekuwa baba, niziache?

SWALI: Asalam aleikum Shehe. Mi ni kijana wa hapa Bukavu, Kadutu, niko na miaka 29. Alhamdulillah Mungu ametupatia mtoto wa kwanza, binti, leo iko na siku 4. Tangu utoto nafuga njiwa, sio kwa pesa, ni vile tu nazipenda, niko nazo 26 na kibanda nilikijenga juu ya manjanja (mabati) ya nyumba. Tangu bibi yangu atoke materinite anasema nichague, njiwa ao mtoto. Anasema njiwa naziamkia saa kumi na moja bila mtu kuniamsha, lakini mtoto akilia usiku najifunika blanketi. Mama mkwe naye anasema vumbi ya njiwa itamuharibu mtoto kifua. Sisi vijana huwa tunazipeleka kwa pikipiki mpaka Kamanyola tunaziachia, kila mtu ameweka dola 5, ile itafika nyumbani ya kwanza mwenyewe anabeba zote. Na kuna neno naona haya kulisema: mtoto nikimbeba sisikii kitu, nikipanda kwa njiwa nasikia furaha. Niko na roho mbaya? Ya mwisho, pesa ya mbuzi wa akika, ile ya kumchinjia mtoto aliyezaliwa, sina, naweza kuchinja njiwa hata 10 badala yake?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah mdogo wangu. Allah akubarikie katika huyo aliyekupa, umshukuru Mwenye kutoa, binti akue na uruzukiwe wema wake. Umeuliza maswali matano ndani ya moja, na lile uliloona haya kulisema ndo kubwa, tutafika kwake.

Kwanza kufuga ndege sio haramu, mtu asikutishe. Umm Sulaym, mama yake Anas, alikuwa na mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, na huyo mtoto alikuwa na kindege anachocheza nacho, kikafa. Mtume (s.a.w.) akaingia kwao akamkuta mtoto kanuna, akamwambia kwa utani, "Ewe Abu Umayr, kafanya nini yule ndege wako?" Iko katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Hakuuliza kwa nini munafuga ndege, alimpa pole kwa namna ya mzaha. Mwanachuoni mmoja wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, alikaa akatoa faida 60 kutoka hayo maneno machache, na moja ni kwamba ndege anaweza kufugwa kwa kufurahia tu, mradi analishwa na hateswi.

Najua mtu atakusomea ile nyingine, ya Mtume kumuona mtu anamfuata njiwa akasema shetani anamfuata shetani. Iko kwa Abu Daud, siikatai. Lakini wanazuoni wameieleza kwamba ni kwa yule ambaye njiwa zimemmeza, swala inapita yuko juu ya paa, ao anapanda kule kuchungulia nyumba za watu. Na hapa nikuulize wewe wa Kadutu, maana kwetu nyumba zimepandana kwenye mlima kama ngazi, ukisimama juu ya manjanja yako tayari macho yako yako uani kwa jirani, mama wa watu anaoga, anafua, hajajifunika. Hilo limekwisha kukusumbua hata siku moja? Kama halijakusumbua basi lianze leo.

Zile dola 5 za Kamanyola ni kamari, sizungushi. Kila mtu ametoa, mmoja anabeba, wengine wanarudi mikono mitupu, na Allah ameitaja kamari pamoja na pombe katika Suratul Maida aya ya 90. Mtume ameruhusu dau kwenye mashindano ya mishale, ngamia na farasi, na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba njiwa haziingii humo. Nendeni Kamanyola, ziachieni, chekeni, mwenye njiwa ya mbio mumsifu mpaka achoke, lakini pesa zibaki mfukoni. Zile ulizokwisha kubeba zamani, kama unawajua wenyewe warudishie, kama hujui zitoe sadaka na utubu.

Alafu mama mkwe. Vijana wengi mama mkwe akisema kitu wanakichukua kama vita, lakini huyu yuko na haki. Mavi ya njiwa yakikauka yanakuwa vumbi, na ile vumbi na unga wa manyoya vinaingia kwenye mapafu, waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa wa wafugaji wa njiwa kabisa, watu wazima wanakohoa miaka, sembuse mtoto wa siku 4. Kibanda kiko juu ya chumba anacholala mzazi na mtoto mchanga. Dini inasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kwa hiyo hukumu yangu hapa sio ushauri: kihamishe. Kipeleke mwisho wa parsele (kiwanja), ao kwa rafiki mwenye nafasi, na ukitoka huko vua ile shati, nawa mikono mpaka kwenye kiwiko ndo umguse mtoto. Najua parsele zetu ni kama leso, ndiyo maana nasema pia upunguze. Njiwa 26 kwa mtu mwenye mtoto mchanga ni nyingi.

Na ukipunguza, akika yako imeshapatikana nusu. Kuchinja njiwa kwa akika hapana, hata ungechinja zote 26. Akika ni katika wanyama, mbuzi, kondoo na walio juu yao. Yuko mzee mmoja katika waliotangulia ambaye mtoto wake alipokea kwamba alipenda akika ifanyike "hata kwa shomoro", Imam Malik ameiandika, lakini wanazuoni wanasema alitaka kukazia tu kwamba isiachwe, kama vile sisi tunavyosema njoo harusini hata kwa miguu. Mtoto wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja, basi kwako ni mmoja. Uza njiwa, tia hiyo pesa kwenye mbuzi. Kama siku ya saba imefika na haijatosha, usikope, ni sunna sio faradhi, utafanya siku ya 14 ao 21 ao utakapopata. Siku ya saba wewe mpe jina zuri, mnyoe nywele, utoe sadaka ya madini ya fedha yenye uzito wa hizo nywele. Nywele za mtoto mchanga hazina uzito, ni franga kidogo tu utatoa.

Sasa lile la kuona haya. Hapana, huna roho mbaya. Mtume aligawa siku zake kwa wake zake kwa uadilifu alafu anasema, ee Mola huu ni mgao wangu katika ninachokimiliki, usinilaumu katika unachokimiliki Wewe nisichokimiliki mimi, yaani moyo. Kile unachosikia ao usichosikia ukimbeba mtoto hakiandikwi dhambi. Kinachoandikwa ni blanketi.

Na mi nataka nikuulize kuhusu njiwa, juu wewe ndo fundi. Kinda la njiwa likianguliwa likoje? Macho yamefumba, manyoya machache ya njano, mdomo mkubwa kuliko kichwa, ni kitu kibaya kwelikweli, mi mara ya kwanza kukiona nilidhani kina ugonjwa. Siku ile ya kwanza ulikipenda? Sidhani. Ulichungulia asubuhi, ukachungulia jioni, ukahesabu siku, ukaona limefumbua macho, ukaona bawa la kwanza, mpaka wiki ya nne linaruka na wewe umesimama chini moyo unadunda kama ni wewe unayeruka. Kupenda kulikuja nyuma ya kuchungulia. Kwa mtoto utakuwa na haraka gani, siku 4 tu.

Na ile kuatamia, si unajua dume naye anaatamia? Karibu siku 18, dume anaingia asubuhi jua likipanda mpaka alasiri, jike anakaa usiku, na makinda yakitoka wote wawili wanayalisha yale maziwa ya kooni, dume naye anayo. Najua utaniambia sasa Shehe umejifunga mwenyewe, dume usiku halali kwenye mayai! Sawa, basi anza na mchana wa dume, umeufanya? Nepi umefua, maji ya moto umebeba, umemwambia mama wa mtoto lala wewe nimshike mimi? Ukishatimiza mchana wa njiwa dume ndo uje tujadili usiku, na usiku jibu langu ni kwamba wewe sio njiwa. Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa Mtume alikuwa anafanya nini nyumbani, akajibu alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, swala ikifika anatoka. Na Mtume huyo ndo aliswalisha watu amembeba Umama binti ya Zaynab, mjukuu wake, wa kike kama wako, akisujudu anamuweka chini, akisimama anamuinua. Mbele ya msikiti mzima. Jaribu wewe nyumbani kwenye sunna zako.

Bibi yako hakuchukia njiwa, soma maneno yake tena. Amehesabu saa. Ameona mtu anayeweza kuamka saa kumi na moja bila kuamshwa, basi akajua uwezo upo. Salman, swahaba wa Mtume, alimwambia mwenzake Abu Dardaa, Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na ahli wako, watu wa nyumba yako, wana haki, mpe kila mwenye haki haki yake, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Nafsi yako ndo hizo njiwa, sikunyimi. Lakini hizi siku 40 mzazi akiwa kwenye nifasi, damu ya uzazi, zamu ni yake. Njiwa mtafutie mtoto wa jirani awe anazipa mahindi asubuhi, umpe kinda moja awe na moyo.

Kuna habari moja ya mwisho nakuachia, ya Abu Talha, baba yake yule yule Abu Umayr. Alikuwa anaswali shambani kwake, ndege wa jamii ya njiwa wa porini akawa anarukaruka kwenye miti anatafuta pa kutokea, yeye akamfuata kwa macho, mara hajui ameswali rakaa ngapi. Akaenda kwa Mtume akalitoa lile shamba zima sadaka. Wewe sikwambii utoe zote. Ila ukianza kuuza, ile pea nyeupe usiipeleke soko, niwekee mimi, nitailipa, niko na mtoto wa miaka 6 hapa nyumbani amenisumbua mwaka mzima.

Wallahu aalam.