Damu na hewa ukaa: mimi huanzia kwenye chokaa ya tambuu

Mleta uzi umeuliza ufanyeje: wanafunzi wako wanakariri kwamba damu hubeba hewa ukaa (kaboni dioksidi) kama baikaboneti, yaani ikiwa imeungana na maji na kuyeyuka humo, ukiwauliza maana yake wanakukodolea macho, na shule haina maabara. Mimi nafundisha Kemia na Baiolojia hapa Tanga mwaka wa 11 sasa. Mada hiyo ilinitoa jasho mpaka nilipoacha kuianzia kwenye damu.

Nilikwenda Ngamiani kwa bibi mmoja muuza tambuu.

"Shikamoo bibi. Naomba chokaa ya mia tano."

"Marahaba mwanangu. Na tambuu?"

"Chokaa tu bibi, ya kufundishia."

Akachota kwenye kopo lililojaa maji juu, akanifungia. "Usiiache wazi, itakufa."

Sikumsikiliza. Ilikaa kwenye sahani dirishani wiki mbili, na siku ya somo watoto walipuliza pumzi kwenye maji ya chokaa hiyo hadi wakachoka, maji yakabaki vilevile badala ya kuwa meupe. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Chokaa ikiachwa wazi hunyonya hewa ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, yaani kalsiamu kaboneti. Ndivyo pia lipu ya nyumba zetu za kale za mawe ilivyogeuka ngumu. Tangu hapo kosa langu nalisimulia darasani, maana ni nusu ya somo.

Chukua chokaa ya tambuu ambayo haijaachwa wazi, kijiko kimoja cha chai, tia kwenye lita ya maji, tikisa, funika, acha usiku kucha. Haifiki hata gramu 2 itakayoyeyuka, nyingine itatuama. Asubuhi mimina taratibu yale maji angavu ya juu. Mwanafunzi apulize kwa mrija, asivute hata kidogo, kwani maji hayo yanaunguza mdomo na macho.

Ukungu mweupe, ambao ni ile kalsiamu kaboneti, huanza kuzunguka ncha ya mrija, kisha glasi nzima inakuwa kama tui jepesi. Mwambie mmoja akimbie hadi golini na kurudi mara tatu, mwenzake akae. Glasi ya aliyekimbia huwahi kupauka. Hapa usiharakishe. Waulize hiyo hewa imetoka wapi. Waache wabishane mpaka wafike kwenye chakula: kaboni iliyokuwa kwenye muhogo wa asubuhi sasa imetuama chini ya glasi, unga mweupe, wanauona kwa macho yao.

Halafu nawapeleka Amboni, kwa miguu au kwa maneno tu. Yale mapango, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, ni mawe ya chokaa. Mvua hubeba hewa ukaa, hasa ikipita kwenye udongo, ikawa asidi dhaifu, ikaliyeyusha jiwe na kulichukua kama baikaboneti. Tone likifika kwenye paa la pango, hewa ukaa inatoroka na jiwe linazaliwa upya, likining'inia.

Mwaka jana binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mapafu ni kama paa la pango?" Nilifurahi mno. Ndiyo: kwenye misuli hewa ukaa inaingia na kuwa baikaboneti, kwenye mapafu inatoka. Ila nikamwekea mipaka. Kwenye damu hakuna jiwe linalotuama, na kazi inaharakishwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyekundu. Takribani asilimia 70 ya hewa ukaa husafiri hivyo. Baada ya hapo tu ndipo naandika mlinganyo ubaoni, mishale ikielekea pande zote mbili, na istilahi za Kiingereza za mtihani nazitaja mwisho.

Ukitaka kuwaonyesha ukungu ukipotea tena, yaani jiwe likiyeyuka kuwa baikaboneti kama kule Amboni, pumzi haitatosha. Ina hewa ukaa kama asilimia 4 tu. Zimua maji ya chokaa sehemu moja kwa kumi, kisha pitishia hewa ukaa inayotoka magadi (yale ya kuchemshia maharage) yakitiwa ndimu ndani ya chupa, kwa mpira. Maji yakishakuwa angavu, yachemshe: weupe unarudi, kama lile gamba la ndani ya birika la maji ya kisima.

Chokaa ya mia tano inanitosha mikondo mitatu. Ukifika nayo nyumbani, mwagia maji juu na ufunike kopo.